Kanisa la Bagamoyo na Mikono Iliyolijenga

Mtu aliyezaliwa katika kijiji chenye kanisa hulijua kanisa lake kama aijuavyo nyumba ya baba yake. Aijua sauti ya kengele, aujua mlango unaolia ukifunguliwa, alijua hata dirisha lipitishalo mvua. Lakini tumwulize: Mawe haya yalichimbwa wapi? Chokaa hii ilichomwa na nani? Hapo wengi wetu hujibu, "Mapadri walilijenga," kisha hunyamaza. Jibu hilo si la uongo, ila halikutimia. Padri mmoja na mabruda wawili hawawezi kuinua kanisa la mawe, hata wakiwa na nguvu za Samsoni.

Mwezi huu twapenda kueleza habari za kanisa moja tu, nalo ni kanisa la misioni ya Bagamoyo, katika nchi ya Tanzania. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, misioni ile ni mama wa misioni nyingi za bara, na wengi tusomao gazeti hili tumepata mafundisho yetu kwa watu waliotoka kwake. Ya pili, katika kiwanja chake zimesimama kazi za zamani mbili: mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, na kanisa kubwa lililojengwa tangu 1910 hata 1914. Mtu akizitazama kwa makini aweza kusoma humo habari za watu ambao wenyewe hawakuandika kitabu.

Mji wa mwisho wa safari

Bagamoyo ni mji wa pwani, nao waelekea kisiwa cha Unguja ng'ambo ya mlango wa bahari. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilifika mwisho wake hapo. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu mabegani, na katika misafara ile walikuwamo pia watumwa, waume kwa wake na watoto, wengine wamefungwa minyororo au wametiwa miti shingoni. Toka Ujiji hata baharini ni zaidi ya kilomita 1,000, nao waliutembea mwendo huo kwa miguu, miezi kwa miezi.

Jina la mji hufasiriwa kwa njia mbili. Wengine husema maana yake ni "bwaga moyo," yaani tua mzigo, upumzishe moyo, kama wapagazi walivyosema walipoiona bahari. Wengine husema mtumwa ndiye aliyeubwaga moyo wake huko, kwa maana mbele yake palikuwa na jahazi tu, na nchi ya kwao asingeiona tena. Hatuna haja ya kuamua neno hilo. Pwani moja iliweza kuwa mwisho wa taabu kwa mmoja na mwanzo wa taabu kwa mwingine, katika siku ile ile.

Kuja kwa wamisionari

Si kweli kwamba Misa haikupata kusomwa katika pwani hii kabla ya siku za Bagamoyo. Wareno walikuwa na kanisa dogo huko Malindi, na Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapo mwaka 1542 alipokuwa njiani kwenda Uhindi. Mombasa nako walikuwako mapadri. Lakini nguvu ya Wareno iliposhindwa, kazi ile ilikoma, ikalala muda mrefu.

Ilianza upya mwaka 1860. Mwezi wa Desemba mwaka ule Padri Amand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wengine na masista wa shirika la Binti za Maria. Baadaye kidogo kazi ile iliwekwa mikononi mwa Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1863 akaja Padri Antoine Horner kuwa mkubwa wao. Walikuwa na hospitali, na shule, na vyumba vya kufundishia kazi za mikono. Tena walikuwa wakiwakomboa watoto katika soko la watumwa la Unguja, wakawalea.

Punde wakaona kwamba mji wa Unguja ni mwembamba kwa kazi hiyo. Mtoto aliyekombolewa hukua, huoa, hutaka shamba na nyumba. Na ndani ya mji hapakuwa na shamba. Basi katika mwaka 1868, kwa ruhusa ya Seyyid Majid, Padri Horner na Padri Étienne Baur walivuka bahari wakaanza misioni ya Bagamoyo, upande wa kaskazini wa mji, nje kidogo. Walifyeka pori, wakapanda minazi na miti ya matunda, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa. Mbuyu waliopanda katika mwaka ule wa kwanza umekuwa mti mkubwa mno. Husimuliwa kwamba mama mmoja mgeni alifungia punda wake kwa mnyororo katika mbuyu ule akausahau, na mti ukaendelea kunenepa hata ukaumeza mnyororo. Kipande kidogo tu cha chuma kikabaki nje.

Dhoruba ya mwaka 1872

Majengo ya kwanza ya misioni hayakudumu. Mwezi wa Aprili 1872 ilivuma dhoruba kuu ambayo wazee wa pwani waliikumbuka muda mrefu. Huko Unguja ilivunja merikebu za Seyyid Barghash bandarini, ikang'oa minazi na mikarafuu mashambani. Ikavuka mpaka mrima, ikaangusha majengo ya misioni ya Bagamoyo. Kazi ya miaka minne ikalala chini kwa siku moja.

Watu wangaliweza kukata tamaa wakarudi Unguja. Hawakurudi. Kanisa la mawe, ambalo mnara wake tunauona, huhesabiwa tangu mwaka huo huo wa 1872. Hapo ndipo inapofaa tusimame kidogo, tueleze jinsi watu wa pwani wajengavyo kwa mawe, maana bila kuijua kazi hiyo hatutaelewa gharama ya mnara ule.

Mawe ya baharini na chokaa ya motoni

Katika pwani yetu jiwe la kujengea ni jiwe lililozaliwa na bahari. Liko la namna mbili. La kwanza ni tumbawe laini, ambalo hukatwa miambani maji yakipwa. Likiwa bichi lachongeka kwa urahisi, na likikauka juani huwa gumu. Hilo hufaa kwa vizingiti, na matao, na nakshi. La pili ni jiwe la matumbawe ya kale, ambalo huchimbwa nchi kavu, gumu, lenye matundu na pembe kali. Hilo ndilo linalojaza kuta nene. Yote mawili ni mazito, na katika siku zile yalichukuliwa vichwani na mabegani.

Lakini jiwe bila chokaa ni rundo tu. Na chokaa nayo ilipatikana kwa jasho. Magogo yalipangwa chini kwa duara, na juu yake vipande vya matumbawe, kisha moto ukatiwa, ukawaka mchana na usiku. Mawe yakiisha kuiva humwagiwa maji, yakavunjika yakawa unga mweupe. Unga huo huachwa ulale, kisha huchanganywa na mchanga. Na sakafu ya chokaa haimwagwi tu ikaachwa. Hupigwa kwa vijiti na watu wengi waliokaa safu safu, siku baada ya siku, huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Mtu akikuonyesha jengo la zamani la pwani akakuambia, "Tazama mawe haya," usisahau kuuliza pia habari za kuni, na maji, na nyimbo.

Liko jambo la tatu, nalo ni gumu kuliko yote: paa. Nyumba za mawe za Waswahili zilifunikwa kwa boriti za mikoko. Boriti ni nzuri, haziliwi upesi na mchwa, lakini ni fupi. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, mara nyingi upana wake haupiti futi 10. Kwa nyumba ya kulala upana huo watosha. Kanisa halitoshi, kwa maana watu wote hukusanyika mbele ya altare moja nao wapaswa kuiona. Mjenzi wa kanisa hana budi ama kupanga nguzo ndani, ama kufunga kenchi za mbao ndefu, ama kukunja kuba ya mawe. Waanglikana walipoanza kujenga kanisa lao kuu Unguja mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Edward Steere alichagua kuba, akaifanya kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu wengi walitazamia kwamba itawaangukia. Haikuanguka. Kwa hiyo twaona kwamba makanisa ya zamani ile hayakuwa Ulaya iliyopandishwa melini ikashushwa kwetu. Namna ya ramani ilitoka Ulaya. Jiwe, chokaa, na maarifa ya kuvifanya yalikuwa ya pwani hii, nayo yalikuwako karne nyingi kabla ya wamisionari kufika.

Mnara nao una kazi zake. Mgeni hudhani ni pambo. Lakini mnara huiinua kengele ipate kusikiwa mbali, na katika kijiji kisicho na saa kengele ndiyo iliyogawanya siku: sala, kazi, chakula, kupumzika. Tena mnara wa misioni ya pwani ulionwa na mabaharia. Mtu aliyekuwa chomboni aliweza kuutambua akasema, "Pale ndipo."

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari

Mnara wa kanisa la 1872 huitwa Mnara wa Livingstone, na wageni wengi huenda Bagamoyo kwa ajili ya jina hilo. Habari yake ni hii.

Daktari David Livingstone, Mskoti, alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Wenzi wake wa safari, ambao wakubwa wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, walifanya shauri ambalo hakuna aliyewaamuru. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa cha tanga, wakauchukua mabegani kuurudisha kwa watu wake. Walikwenda miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Wengine walikufa njiani. Walipojua kwamba wenyeji wa mahali fulani hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, waliufunga mwili kama mtumba wa nguo ili uonekane ni mzigo kama mizigo mingine.

Siku ya 24 Februari 1874 msafara ule ulifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa na mapadri, ukalazwa katika kanisa usiku ule. Livingstone alikuwa Mprotestanti, na mapadri walikuwa Wakatoliki, wengi wao Wafaransa. Lakini mbele ya maiti hawakuuliza dini wala kabila. Siku zilizofuata manowari ya Kiingereza iliuchukua mwili kwenda Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, pamoja na wafalme na watu wakuu.

Na wachukuzi je? Hao walilipwa ujira wao, wakaachiliwa pale pale pwani. Katika wenzi wale wote ni mmoja tu, Jacob Wainwright, aliyefuatana na mwili mpaka Uingereza na kuhudhuria maziko. Susi na Chuma waliitwa kwenda huko baadaye, baada ya kaburi kufungwa.

Hatulaumu kwamba mnara ule huitwa kwa jina la Livingstone. Alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na barua zake ziliwaamsha wengi huko Ulaya. Lakini tufikiri vema. Mtu aliyelala humo usiku mmoja, tena akiwa maiti, ameupa mnara jina lake. Waliomchukua miezi tisa hutajwa na wachache. Na wale waliochimba mawe ya mnara wenyewe, wakachoma chokaa yake, wakapanda majukwaani na karai kichwani, ni nani awatajaye?

Uhuru wenye kengele

Tuliahidi kusoma habari zao katika mawe, na msomaji mwaminifu hasomi kurasa za kupendeza peke yake. Kijiji cha Bagamoyo kiliitwa kijiji cha uhuru. Na kwa kweli mtoto aliyetolewa sokoni alitoka katika hatari kubwa. Hakuuzwa tena, hakupigwa mnada, alifundishwa kusoma na kazi ya mikono: useremala, uashi, uhunzi, kilimo. Baada ya mkataba wa mwaka 1873, uliofunga soko la Unguja, watoto wengi walitoka katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, wakagawiwa misioni mbalimbali.

Hata hivyo uhuru wao ulikuwa chini ya kanuni kali. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwarudisha. Sehemu kubwa ya juma walifanya kazi za misioni, na siku zilizobaki walilima yao wenyewe. Waliozana wao kwa wao, wakajenga vibanda vyao katika safu zilizopangwa. Walikuwako waliokipenda kijiji, wakazeeka humo, wakazikwa humo. Walikuwako pia waliotoroka, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ni huru hutaka siku moja kuujaribu uhuru wake kwa miguu yake mwenyewe. Nasi tukisema kwamba "waliokombolewa walijenga kanisa," yafaa tukumbuke neno hili: baadhi yao walijenga kwa furaha, na baadhi yao walijenga kwa sababu walipangiwa.

Je, jambo hilo lapunguza utakatifu wa nyumba ile? Sisi twaona halipunguzi. Laongeza deni letu. Kazi iliyofanywa na mtu ambaye hakuchagua kuja Bagamoyo, aliyenyakuliwa kwao akiwa mtoto, asiyejua tena jina la mto wa kijiji chao, ni sadaka ambayo hatuna haki ya kuisahau. Mwaka 1876 walijenga pia pango la Mama wa Mungu kwa mfano wa pango la Lourdes. Mwaka ule ule huhesabiwa kuwa mwaka wa nyumba ya masista, ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Humo mgeni huonyeshwa minyororo. Mtu akiisha kuiona minyororo na atoke nje aitazame kuta. Kwa maana mikono iliyofunguliwa minyororo ndiyo iliyopanga mawe.

Tena watu hao hawakubaki Bagamoyo wote. Misioni ya Mhonda ilipoanzwa mwaka 1877, na nyingine zilizofuata njiani kuelekea bara, mpaka Kilema katika Kilimanjaro mwaka 1890, mapadri hawakwenda peke yao. Walifuatana na Wakristo wa Bagamoyo, waume na wake, waliokwenda kulima, kujenga, kufundisha sala, na kuonyesha kwa maisha yao nyumba ya Kikristo ni kitu gani. Msomaji wa Uluguru, au wa Nguru, au wa Uchaga, akitafuta mwanzo wa kanisa la kwao, huenda akaukuta katika udongo wa pwani.

Kimbilio wakati wa vita

Mwaka 1888 ilizuka vita ya pwani, watu wa Abushiri bin Salim wakipigana na Kampuni ya Wadachi. Mji wa Bagamoyo uliharibika sana kwa moto na mizinga. Misioni haikuguswa. Abushiri aliwaheshimu mapadri wale, nao Wadachi hawakuwahesabu kuwa adui. Basi maelfu ya watu, Waislamu na wasio na dini ya kitabu pamoja na Wakristo, walikimbilia chini ya minazi ya misioni, wakapata chakula na mahali pa kulala. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Lakini watu wa mji walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba nyumba ile yenye mnara ni mahali ambapo mtu haulizwi kwanza alikuwa upande gani.

Kanisa jipya, 1910 hata 1914

Mwaka 1891 Wadachi walihamisha makao makuu ya serikali yao Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ya huko ina kina, na Bagamoyo ikaanza kupungua. Biashara ikaondoka, wakubwa wakaondoka. Mtu angedhani kwamba na misioni ingelala. Haikuwa hivyo. Mwaka 1906 Bagamoyo ikafanywa kiti cha Vikarieti, chini ya Askofu François-Xavier Vogt, na Wakristo walizidi hata kanisa la kale likawa dogo. Mwaka 1910 kazi ya kanisa jipya ikaanza, ikamalizika 1914.

Tukilinganisha kanisa hili na wenzake wa zamani zile, twaona tabia yake. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Unguja, lililojengwa tangu 1893 hata 1898, lina minara miwili inayoonekana toka baharini, na watu wa mji wameliita kwa jina hilo hilo, Minara Miwili. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, lililojengwa tangu 1897 hata 1902, lina mnara mrefu wenye ncha, na madirisha ya vioo vya rangi, nalo laelekea bandari kama mwenyeji apokeaye wageni. Kanisa la Bagamoyo halikuwekwa barabarani wala bandarini. Limekaa ndani ya kiwanja cha misioni, katikati ya miti, na mtu hulifikia kwa miguu. Mnara wake ni mnene, umesimama mbele. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, zenye rangi ya kijivu. Madirisha yake yana vichwa vya tao, ambavyo hugawanya uzito wa ukuta kulia na kushoto hata uwazi usipasuke. Unene wa kuta una faida mbili: huchukua uzito, tena huzuia joto. Mchana wa jua kali mtu akiingia humo husikia ubaridi usoni kabla macho hayajazoea kivuli.

Na hapa kuna tarehe ambayo kila mwalimu na aiweke akilini. Kanisa lilipomalizika mwaka 1914, utumwa ulikuwa bado haujafutwa kabisa katika sheria ya nchi hii. Wadachi walikuwa wameamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini sheria ya kuufuta wote ilitolewa na Waingereza mwaka 1922. Yaani jengo lile lilikamilika kabla ya uhuru wa kila mtu aliyepita mbele yake kukamilika.

Mwaka huo huo wa 1914 Vita Kuu ikaanza. Mwezi wa Agosti 1916 manowari za Waingereza ziliupiga Bagamoyo mizinga, askari wakashuka, mji ukatwaliwa. Kanisa lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Lilibaki limesimama.

Mambo yaliyofuata

Baada ya hapo kiti cha askofu kilihamia Morogoro, na mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo kamili. Bagamoyo ikabaki parokia, yenye kumbukumbu kubwa na mji mdogo. Mwaka 2006 nchi ya Tanzania iliiandikisha njia ya kale ya watumwa na pembe, toka Bagamoyo hata Ujiji, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Na mwezi wa Machi 2025 Bagamoyo ikatangazwa kuwa jimbo, miaka 157 baada ya wale mapadri wawili kuvuka bahari. Mzaa wengine amepewa heshima yake uzeeni.

Lakini mawe hayajali heshima za karatasi. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chokaa. Mvua huingia ufani, mizizi ya miti hufuata mvua, na ukuta uliosimama miaka mia na hamsini waweza kuanguka kwa ufa ulioachwa miaka kumi. Tena wapo watu wenye moyo mwema ambao hutengeneza majengo ya kale kwa saruji ngumu ya siku hizi. Saruji hiyo haipumui kama chokaa. Hufungia unyevu ndani ya matumbawe, na jiwe huoza nyuma ya sura nzuri. Atakaye kutengeneza ukuta wa chokaa na aulize kwanza mafundi wa chokaa, wangaliko.

Neno kwa walimu na wazee wa parokia

Basi, ndugu, kwa nini tumewasumbua kwa habari za mji ambao wengi wenu hamjauona? Ni kwa sababu ya kanisa lenu wenyewe. Yalilolipata kanisa la Bagamoyo hulipata kila kanisa. Jina la mgeni mkubwa huandikwa ukutani. Jina la padri huandikwa daftarini. Bali jina la mama aliyeteka maji ya kukandia udongo, na la kijana aliyeanguka jukwaani akavunjika mguu, huishi kinywani mwa wazee, na mzee akifa, hufa naye.

Bagamoyo tumekwisha kuchelewa. Wote waliopanga mawe ya mwaka 1872 wamelala, na mnara wao waitwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini katika vijiji vingi makanisa yalijengwa juzi tu, na waliobeba matofali wangali wakikaa katika viti vya nyuma kila Jumapili. Mwalimu na achukue daftari, awape watoto wa shule kazi hii: kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwulize mambo manne. Udongo au mawe ya kanisa letu yalitoka wapi? Nani walikuwa mafundi, na walijifunza kwa nani? Wanawake walifanya kazi gani? Je, mliitwa, au mlijitolea? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, hata yasipopendeza, hata mzee akisema kwamba alikwenda kwa kuogopa adhabu. Kwa maana habari iliyochujwa ili ipendeze haimfai mjukuu.

Daftari hilo liwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo. Na siku ya kukumbuka kutabarukiwa kwa kanisa, mnapowaombea wafadhili na mapadri waliotangulia, majina hayo nayo yasomwe kwa sauti, moja moja, mbele ya watu wote, mpaka yaishe.